Shela jeupe, uso wa kahawia, ukumbi wa zambarau: mwongozo kamili wa eksposha na staili ya picha za harusi

Vijana wananitumia picha wakitaka ushauri, na kwa miaka sasa picha ni zilezile. Bibi harusi kasimama mlangoni mwa kanisa, shela linang'aa kama bati jipya, uso hauonekani. Au uso uko sawa ila shela limeungua: nakshi zote za kifuani zimefutika, limebaki shuka. Ya tatu ni ya ukumbini, na humo watu wote wamegeuka zambarau kama waliomwagiwa juisi ya zabibu. Swali nalo ni lilelile: "Bro, shida ni kamera?"

Si kamera. Shida ni kwamba kamera imeachiwa iamue yenyewe. Mimi nafuata kanuni moja, na hatua zote hapa chini zinatoka kwayo: uso wa maharusi unapimwa kwanza, na staili ni kile unachoamua kuufanyia mwanga uliobaki kuuzunguka uso huo. Ukianza na staili, uso unaachwa ujitegemee, na mara nyingi haujitegemei.

## Vifaa

- Kamera mbili za kampuni moja, hata kama ya pili ni ya kuazima, ili lenzi na flashi zibadilishane. Kamera ikizima wakati wa pete, padri hatakusubiri.
- Lenzi ya 24–70mm f/2.8 na nyingine ya 50mm au 85mm f/1.8. Mfuko ukiwa mdogo, 50mm f/1.8 ndiyo bei nafuu inayolipa haraka kuliko zote.
- Flashi mbili: moja ya juu ya kamera, moja ya kwenye stendi, pamoja na triga yake, kifaa kinachoiamrisha iwake kamera ikipiga. Kila flashi iwe na seti mbili za betri za kuchaji.
- Jeli za rangi ya chungwa za kufunika flashi. Ni vipande vya plastiki tu, lakini bila hivyo ukumbini utahangaika.
- Rifrekta, yaani ubao wa kurudishia mwanga, yenye upande mweupe. Ukikosa, shuka jeupe lililopigwa pasi linatosha.
- Memori kadi kadhaa za GB 64 badala ya moja kubwa. Kadi moja ikifa, harusi yote isife nayo.
- Tishu laini na kitambaa cha kufutia lenzi. Tishu si zako, ni za bwana harusi. Utaona.

Na maneno utakayoyakuta humu: eksposha ni mwangaza wa picha yenyewe, apacha ni tundu la lenzi (f/1.8 ni pana, f/8 ni jembamba), kasi ya shata ni muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia (1/100 ni sehemu moja ya mia ya sekunde), na ISO ni jinsi kamera inavyoukuza mwanga ilioupata. Stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili au kuupunguza nusu. Kutoka 1/100 kwenda 1/200 ni stopu moja. Kutoka ISO 800 kwenda 1600 ni stopu moja pia.

## Hatua ya 1: Kubalianeni staili kabla ya siku yenyewe

Kaa na maharusi wiki mbili tatu kabla. Usiwaulize "mnataka staili gani", kwa sababu watakujibu "nzuri tu". Waonyeshe picha tatu za mtu mmoja mahali pamoja: moja ambayo nyuma kuna mwanga mwingi na kila kitu cheupecheupe, moja ya kawaida, na moja ambayo nyuma pamezama gizani na uso peke yake ndio umewaka. Wanyooshe kidole.

Sababu ya kufanya hivi mapema ni kwamba staili inabadilisha eksposha ya siku nzima, si rangi za kompyuta peke yake. Anayetaka weupeweupe anahitaji vivuli vyepesi na flashi laini. Anayetaka giza la kuvutia anahitaji sehemu zenye mwanga unaotoka upande mmoja, na kamati ikubali kuzima taa fulani ukumbini.

Kuna ombi moja utakalolisikia, kwa sauti ya chini, mara nyingi kutoka kwa shangazi: "Mwanangu, hakikisha anatoka mweupe." Usibishane na shangazi. Mwambie atatoka anang'aa, halafu kafanye hivyo. Kung'aa ni kazi ya mwanga. Kumbadilisha mtu rangi ni jambo lingine, na miaka mitatu baadaye bibi harusi mwenyewe ndiye atakayekuuliza kwa nini kwenye albamu hafanani na dada zake.

## Hatua ya 2: Panga kamera usiku wa kuamkia harusi

Piga kwa RAW, yaani faili ghafi lenye kila kilichopatikana na kamera. Faili la JPEG, lile la kawaida ambalo kamera imeshalibana, limeshatupa sehemu kubwa ya taarifa za mwanga, na shela likiungua humo limeungua. RAW hukupa nafasi ya kurudisha stopu moja hivi ya weupe, na zaidi ya hapo kwenye giza.

Weka modi ya M, ambayo namba zote unazichagua mwenyewe. Washa onyo la maeneo yanayoungua, lile linalofanya sehemu za picha zimemetemete nyeusi na nyeupe kwenye skrini. Washa histogramu, ule mchoro unaoonyesha giza na weupe viko kiasi gani kwenye picha. Zima mwanga wa skrini unaojirekebisha, uuweke wa kati na uuache hapo. Skrini ni mwongo mkubwa: gizani inakuonyesha picha imewaka kumbe imezama, juani inakuonyesha imezama kumbe imeungua.

Linganisha saa za kamera zote mbili mpaka sekunde. Ukisahau, wiki ijayo utakuwa unapanga picha elfu mbili ambamo keki inakatwa kabla ya maharusi kuingia.

## Hatua ya 3: Jifunze kupima uso

Usiiruke hii hata kama umepiga harusi hamsini.

Kipima mwanga cha kamera hakijui harusi, kinajua kijivu. Chochote unachokielekezea, kinataka kiwe kijivu cha kati. Ukijaza shela kwenye fremu, kinadhani mwanga umezidi na kuupunguza: shela linakuwa la majivu na uso unazama. Ukijaza suti nyeusi, kinaongeza: suti inapauka na uso unaungua. Ndiyo maana picha mbili zilizopigwa dakika moja, mahali pamoja, zinatofautiana kama za siku mbili.

Dawa yake ni kubadili upimaji uwe wa doa moja dogo, kisha ulipime shavu lililo upande wa mwanga. Soma mshale wa kipima mwanga (0 ni kijivu cha kati, −1 ni stopu moja chini yake, +0.5 ni nusu stopu juu), halafu uuweke hivi:

- Mweusi tii: mshale ukae karibu na −1.
- Kahawia: kati ya −0.5 na 0.
- Maji ya kunde: kati ya 0 na +0.5.

Mbona mweusi awekwe chini ya sifuri? Kwa sababu sifuri ni kijivu cha kati, na ngozi yake kwa asili iko chini ya hapo. Ukimpandisha mpaka sifuri hajapendeza zaidi, amepauka, na shela limepanda pamoja naye mpaka likaungua. Wengi wanaogopa kupiga giza hadi wanapitiliza upande wa pili.

Ukishauweka uso, piga moja na uangalie mmemetuko. Ushanga na kingo ndogo zikimemeta, achana nazo. Kifua kizima cha shela kikimemeta, punguza theluthi ya stopu, piga tena, na tena, mpaka kitulie. Kati ya ngozi nyeusi na kitambaa cheupe kilicho kwenye mwanga uleule kuna kama stopu tatu. RAW inazimudu, lakini haina ziada ya kuchezea.

Nusu ya pili ya somo hili ni kwamba ngozi nyeusi inasomeka kwa mng'ao wake. Ukiongeza mwanga tu kutoka mbele, uso unakuwa bapa kama picha ya pasipoti. Mwanga mpana unaotoka pembeni, kama wa dirisha, mlango ulio wazi au ukuta mweupe uliopigwa na jua, unatambaa shavuni na kuchora pua, mfupa wa shavu na kidevu. Chanzo kikiwa kidogo na kikali, mng'ao huo hugeuka vidoti vyeupe, hasa penye jasho. Hapo ndipo tishu zinapofanya kazi. Gusa taratibu, usipanguse, mekapu ina wenyewe.

Maharusi wakitofautiana rangi, usitafute wastani. Pima aliye mweupe zaidi ili asiungue, kisha mweke aliye mweusi upande wa karibu na dirisha. Hatua moja ya mguu mara nyingi inamaliza tofauti ya nusu stopu.

Fanya mazoezi nyumbani kabla ya kwenda kwa watu. Mvishe mdogo wako shati jeupe na koti jeusi, asimame kibarazani, na upige mpaka upate picha moja ambayo unahesabu vifungo vya shati, unaona mkunjo wa koti, na nyusi zake zinatofautiana na ngozi. Ukipata vitatu hivyo bila kugusa kompyuta, umefaulu.

## Hatua ya 4: Chagua namba tatu kwa mpangilio huu

Anza na shata, kwa sababu mwendo hauna dawa baadaye. Wanaosimama: 1/125. Wanaotembea: 1/250. Wanaocheza bila flashi: 1/500.

Kisha apacha, kwa kuhesabu watu. Kwa lenzi ya 85mm kwenye f/1.8, umbali wa mita mbili, kilicho kwenye fokasi ni kama sentimita 6 tu, kwa kamera ambayo kihisi chake, yaani bamba linalopokea mwanga, ni kikubwa. Jicho la bibi harusi liko ndani, sikio liko nje, na bwana harusi aliyesimama nusu hatua nyuma yake ni ukungu. Mtu mmoja f/2, wawili f/2.8 na wawekwe mstari mmoja, ukoo wa safu tatu f/8.

ISO ije mwisho, ijaze pengo. Usiiogope. Picha yenye chenga, yaani vipunjepunje, kidogo watu wanaibandika ukutani. Picha iliyotikisika hawaibandiki. Na chenga mbaya kuliko zote hutokana na kupiga giza kwa ISO 800 na kuivuta stopu tatu kwenye kompyuta, wakati ungepiga kwa 3200 tangu mwanzo.

## Hatua ya 5: Chumba cha bibi harusi

Zima taa zote, fungua pazia. Balbu ya njano na mwanga wa dirishani vikichanganyika, nusu ya uso inakuwa ya chungwa na nusu ya buluu, na hakuna programu inayoitibu vizuri. Mkalishe bibi harusi mita moja na nusu kutoka dirishani, ubavu kwa dirisha. Anza na f/2, 1/200, ISO 400, kisha pima shavu.

Mekapu ikimalizika, omba sekunde moja: mpige picha moja kwa flashi ya moja kwa moja. Poda nyingine, hasa zenye silika au kinga ya jua, hazionekani kwa macho lakini zikipigwa na flashi uso unageuka mweupe kama wa aliyekula unga. Ukiligundua saa hiyo, dada wa mekapu atalitengeneza kwa brashi. Ukiligundua ukumbini umechelewa.

Kwenye shughuli za Waislamu, uliza mapema ni vyumba vipi mwanamume haingii na ni picha zipi hazitoki nje ya familia. Kama wewe ni mwanamume, mlete mpiga picha wa kike, umpe kamera yako ya pili ikiwa imeshapangwa.

## Hatua ya 6: Ndani ya kanisa, na kwenye nikahi

Flashi hapa mara nyingi hairuhusiwi, na hata ikiruhusiwa inachosha watu. Fika dakika arobaini kabla, simama pale maharusi watakaposimama, unyooshe mkono wako mbele na uupime kama shavu. Andika namba kwenye simu. Upande wa madhabahu na upande wa mlango huwa tofauti kwa stopu mbili au zaidi.

Sasa onyo ambalo nililipia mwenyewe. Kwenye kanisa moja nilitaka kumridhisha padri aliyechukia mlio wa kamera, nikawasha shata ya kimya. Ibada nzima nilijiona fundi. Jioni nafungua picha za pete: mistari, myeusi na mieupe, inapita kuanzia paji la uso mpaka mkononi, kama mtu aliyekaa nyuma ya wavu. Nikazibadilisha nyingi kuwa nyeusi na nyeupe ili kuificha. Mama wa bibi harusi aliishika moja, akaisogeza karibu na dirisha, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, na hivi vimistari ni vya urembo?"

Chanzo ni umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za LED na za mirija huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Shata ya kimya kwenye kamera nyingi husoma picha mstari kwa mstari, na kila mstari unakutana na taa ikiwa katika hali yake. Tumia shata ya kawaida, ile yenye mlio, na uweke 1/100 au 1/50 ili duru nzima ya taa iingie. Kwa 1/100, subiri wasimame ndipo upige. Piga nne mfululizo na uzifananishe: zikilingana mwanga na rangi, endelea.

Kwa nikahi mambo ni mepesi zaidi kwa sababu watu wamekaa. Tatizo ni kanzu nyeupe tupu chumba kizima, na kamera itataka kuizamisha picha. Pima uso wa bwana harusi, usitishwe na mshale unaopiga kelele ukiielekeza kamera kwenye kundi.

## Hatua ya 7: Picha za nje, jua na saa

Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni mwaka mzima, kutegemea mwezi. Mwanga mzuri ni ile saa moja ya mwisho, na giza letu haliji kwa hatua: jua likizama, dakika ishirini na kitu mambo yamekwisha. Ratiba ya kamati itasema "saa 11:00 picha ufukweni". Ratiba hiyo haijui foleni. Dai saa 10:15, mtafika 11:00.

Mkishuka kwenye gari lenye kiyoyozi, lenzi itashika ukungu papo hapo. Usiifute kila mara, ungoje. Bora zaidi, kamera isafiri kwenye buti, sio pale mbele penye upepo wa baridi.

Jua la mchana kwetu liko utosini. Linachimba mashimo machoni na kuweka kivuli cha pua mdomoni. Usipambane nalo uso kwa uso. Watafutie ukingo wa kivuli, chini ya mwembe au kibaraza, wakiangalia nje kwenye mwanga. Kama hakuna kivuli, wageuzie jua mgongoni, pima uso, na urudishe mwanga kwa rifrekta nyeupe kutoka chini ya kifua.

Hapa ndipo staili inapoanza kuwa uamuzi wako. Uso umeshawekwa mahali pake. Swali ni: nyuma pawe wapi?

Uso bila flashi, nyuma pakiwa stopu moja au mbili juu ya uso, unapata ile picha ya weupeweupe. Bahari inapauka, anga linapotea. Inapendeza kwa shela jepesi na upepo. Hatari yake ni kingo za veli kuyeyuka ndani ya anga, kwa hiyo nyuma ya veli pawe na kitu chenye rangi, hata mnazi.

Nyuma pakilingana na uso, hiyo ni picha ya kawaida, na nusu ya albamu iwe hivyo. Bibi wa kijijini anataka kuiona bahari na kumwona mjukuu wake, basi.

Nyuma pakiwa stopu mbili chini ya uso, anga linakuwa zito na maharusi wanawaka. Kwa hili unahitaji flashi. Kwanza piga bila flashi, ukipunguza mwanga mpaka anga liwe unavyolitaka, hata kama maharusi wamekuwa vivuli. Kisha washa flashi ya kwenye stendi, upande, juu kidogo ya vichwa vyao, na uiongeze taratibu mpaka nyuso zirudi. Kuna kikwazo: kamera nyingi hazikubali flashi ya kawaida juu ya 1/200 au 1/250. Jua kali kwa ISO 100 linataka kama 1/100 kwenye f/16, ambayo ni sawa na 1/3200 kwenye f/2.8. Basi ama tumia modi ya flashi ya kasi ya juu na uisogeze karibu, maana inapoteza nguvu nyingi, ama vaa kichujio cheusi cha kupunguza mwanga, ama subiri jua lishuke. Mimi husubiri.

Kivuli kitupu, yaani maharusi weusi tii mbele ya jua linalozama, kipigwe mwisho. Pima anga pembeni ya jua, usilipime jua lenyewe. Watenganishe nyuso: wakibusiana kabisa wanakuwa donge moja. Sentimita mbili za mwanga katikati ya pua zao zinatosha. Piga tatu, uache. Watu hawanunui albamu ya vivuli.

## Hatua ya 8: Ukumbini

Huku ndiko kazi inakopotea. Dari refu au limevishwa vitambaa, taa za zambarau na buluu zinazunguka, moshi, na kaka wa video mwenye taa yake kichwani.

Elewa jambo moja na mengine yatafuata. Mwanga wa flashi ni wa kufumba na kufumbua. Ukiwa chini ya 1/200, kasi ya shata haiugusi, unaamuliwa na apacha, ISO na nguvu ya flashi. Mwanga wa ukumbi upo muda wote, kwa hiyo shata inauongeza na kuupunguza. Maana yake una mikono miwili: flashi inashika uso, shata inashika ukumbi. Vijana wengi hupiga 1/200 kwenye f/5.6 ISO 400, flashi usoni. Watu wanatoka kama waliokamatwa na polisi usiku, na mapambo ambayo kamati imechangisha miezi sita yamezama gizani.

Anza hivi: f/2.8, ISO 1600, shata 1/100, flashi imezimwa. Piga mapambo. Yanatakiwa yaonekane lakini yawe chini kidogo, kama stopu moja au moja na nusu. Yakizama, shuka 1/50 au panda ISO 3200. Ndipo uwashe flashi kwa nguvu ndogo, 1/16 ya nguvu yake yote hivi, na urekebishe mpaka mashavu yakae. Nguvu ndogo ina faida nyingine: flashi inajaza haraka na haichemki. Msururu wa zawadi unaweza kuchukua saa nzima, na shangazi anayeingia na kitenge kichwani hatarudia kucheza kwa sababu flashi yako imechoka.

Dari likiwa jeupe na la chini, elekeza flashi juu na nyuma kidogo. Likiwa na kitambaa cha waridi, usithubutu. Mwanga utashuka na rangi ya kitambaa. Geuza kichwa cha flashi kwenye ukuta mweupe, au uweke flashi ya stendi pembeni ya jukwaa na mwavuli.

Taa za ukumbi zikiwa za njano, vika flashi jeli ya chungwa na uweke waiti balansi (mpangilio wa kuiambia kamera rangi ya mwanga) kama 3200K. Uso na ukumbi vitaongea lugha moja. Bila jeli, uso unakuwa wa kawaida na nyuma panakuwa pa chungwa kama moto.

Kwa taa za zambarau, usihangaike na waiti balansi, haizitibu. Mwanga wa rangi moja hauna rangi nyingine ndani yake za kurudisha. Kinachofanya kazi ni flashi ya kutosha kuifuta zambarau usoni na kuiacha nyuma kama pambo. Na ongea na mtu wa taa kabla ya wageni: "Kaka, meza kuu naomba nyeupe wakati wa keki, mengine cheza utakavyo." Soda moja husaidia. Na kaka wa video umsalimie mapema, mkubaliane taa yake isimame upande gani. Mkielewana, taa hiyo ni flashi ya bure. Msipoelewana, inakaa nyuma ya kila picha yako.

Maharusi wakiingia, wakicheza, weka flashi iwake mwishoni mwa shata, ushuke 1/30. Mwendo unaacha mkia nyuma yao na nyuso zinaganda. Mwendo uwe wa kwao, si wa mkono wako. Hiyo ni picha ya jeuri, kwa hiyo hakikisha umeshapata ya salama kwanza.

Fataki za baridi zikiwashwa pembeni ya keki, mwanga unaruka ghafla. Punguza ISO stopu moja kabla hazijawaka. Muulize MC ishara atakayotumia.

Kazi ya ukumbini imekaa sawa pale unapoweza kumtambua aliyekaa meza ya tatu, rangi ya mapambo ni ile ambayo kamati iliichagua, na uso wa bibi harusi hauna tone la zambarau.

## Hatua ya 9: Kompyuta, na karatasi

Kabla ya kulala, nakili kadi zote sehemu mbili. Usifute kadi mpaka albamu ikabidhiwe.

Chagua picha moja kwa kila eneo: chumbani, kanisani, nje, ukumbini. Zitengeneze hizo nne kwanza, uziweke pamoja kwenye skrini, na uangalie uso wa bibi harusi. Ni mtu mmoja? Rangi ya ngozi iwe ileile asubuhi na usiku, hata kama mandhari yamebadilika. Ndipo unakili marekebisho kwa nyingine. Shusha maeneo meupe kurudisha nakshi za shela, inua vivuli kidogo kwenye suti, na usiguse kitelezeshi cha kulainisha ngozi zaidi ya pale vinyweleo vinapoanza kupotea.

Mwisho, safisha nakala tano za inchi 4 kwa 6 dukani kwako pa kawaida kabla ya kuagiza albamu. Karatasi haina taa nyuma yake kama skrini, kwa hiyo picha nyingi zinatoka nyeusi kidogo kuliko ulivyoziona. Zipeleke kibarazani, uzitazame kwa mwanga wa mchana. Kama suti na ukuta vimeshikana, ongeza theluthi ya stopu kwenye faili zote, safisha tano nyingine, na urudi nazo kibarazani.